Vifaa vya mpiga video wa kujitegemea Uganda: nini ununue kwanza, nini ukodi, na namna ya kuvitumia kazini

Anayejitegemea kwa kamera hapa Uganda anakula zaidi kwa njia mbili: sherehe za familia, yaani kwanjula (bwana harusi kutambulishwa kwa familia ya mchumba), harusi na mazishi ya watu wenye jina, na mashirika yanayotaka filamu fupi za miradi yao huko Gulu, Yumbe au Isingiro. Kazi zote mbili zina sharti moja gumu: tukio likipita, limepita. Ssenga, yaani shangazi wa bibi harusi, akishatembea katikati ya viti vya upande wa bwana harusi na kumkuta anayemtafuta, huwezi kumwomba aanze upya. Mama wa Kikongo pale Nakivale, makazi ya wakimbizi, akishakusimulia kwa Kiswahili chake namna alivyovuka mpaka, hatasimulia mara ya pili kwa uzito uleule, na si haki kumwomba afanye hivyo.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote jiulize: kifaa hiki kikizimika sasa hivi, kazi inaendelea? Swali hilo ndilo lililopanga mwongozo huu, na ndiyo maana sauti, umeme na kadi zimepewa nafasi kubwa. Vijana wengi hununua kamera ya ndoto kwa pesa yote waliyo nayo, kisha wanaazima maiki asubuhi ya harusi. Ningependa ufanye kinyume chake.

Hatua ya kwanza: kamera mbili za kawaida badala ya moja kubwa

Nunua kamera ya kwanza ukijua kwamba ya pili itatoka kampuni ileile, yenye betri zilezile, lenzi zilezile na rangi zinazofanana. Kamera mbili za aina tofauti zitakula usiku wako wote kwenye kompyuta ukijaribu kulinganisha rangi ya uso uleule.

Mambo ninayoyaangalia kwenye kamera ya kazi ni machache. Iwe na nafasi mbili za kadi na irekodi kwenye zote kwa wakati mmoja. Irekodi biti 10, yaani ngazi nyingi zaidi za rangi na mwanga, kwa sababu picha ya biti 8 huanza kuvunjika mara tu unapojaribu kuokoa uso uliofunikwa na kivuli. Isijizime baada ya dakika 29 na sekunde 59 kama zilivyofanya kamera nyingi za zamani. Misa ya ndoa inapita muda huo kabla hata ya viapo. Na istahimili joto. Sony FX30 iliyotoka 2022 na Panasonic Lumix S5II ya 2023 zina feni ndani, na kwa mtu anayepiga kwanjula nzima chini ya hema hilo lina maana kubwa kuliko idadi ya pikseli. Kama mfuko hauruhusu, Panasonic GH5 ya 2017 bado ni kamera ya kazi, hutoa biti 10 na hupatikana kwa bei ya mtumba, ingawa gizani inachoka mapema.

Ukinunua mtumba, usikubali kujaribu kamera kwa dakika mbili dukani. Weka kadi yako mwenyewe, rekodi 4K kwa nusu saa bila kukatisha, kisha ufungue faili kwenye kompyuta. Funika lenzi, pandisha ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga), rekodi sekunde kumi na utafute nukta zinazong'aa au mstari mwembamba unaokata picha. Mstari wa namna hiyo mara nyingi ni kidonda cha leza za klabu kwenye sensa (sehemu inayonasa picha), na hautibiki. Chomeka kebo ya HDMI uitikise kidogo. Angalia lugha ya menyu pia: kamera nyingi za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani pekee, na muuzaji hatakuambia. Omba risiti, na uandike namba ya mfululizo ya kifaa kwenye makubaliano yenu.

Kamera ikiwa mkononi, kabla ya kitu kingine iweke kwenye mfumo wa PAL, fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Sababu ni umeme wetu. Umeme wa Uganda ni wa volti 240 na hertz 50, na taa nyingi za ukumbini hupepesa mara 100 kwa sekunde bila macho kuona. Shata ya 1/50 au 1/100 inaenda sambamba na mpigo huo. Ukifuata video za Wamarekani mtandaoni ukaweka fremu 30 na shata 1/60, utapata mawimbi ya giza yanayopanda na kushuka ukutani, na hayo hayafutiki kwa urahisi kwenye kompyuta. Ukitaka picha ya mwendo wa polepole, tumia fremu 50 na shata 1/100. Taa za rangi za wapambaji zina mpigo wao wenyewe. Zikileta mistari, badilisha shata kidogo kidogo hadi itulie.

Hatua ya pili: lenzi, na jua la ikweta

Lenzi moja ya kuvuta, ya 24–70mm f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga mwingi zaidi unaingia) kwa sensa kubwa au 17–50mm hivi kwa sensa ndogo ya APS-C, itafanya kazi nyingi. Ya pili iwe ya kuvuta mbali, 70–200mm, kwa sababu kanisani Namirembe au Rubaga hutapewa nafasi ya kusimama karibu na altare. Ya tatu iwe ndogo yenye f/1.8 kwa ukumbi wenye giza. Hapo inatosha.

Kinachosahaulika ni kioo cha ND, kile cheusi kinachopunguza mwanga unaoingia kwenye lenzi. Saa sita mchana, mwezi Machi au Septemba, jua la Kampala liko utosini. Fanya hesabu: jua kali linataka f/16 kwa shata 1/100 na ISO 100. Wewe unapiga log (picha iliyofifia ya kupakwa rangi baadaye) kwa ISO 800, hapo umeongeza stopu tatu; kila stopu ni mwanga mara mbili. Shata yako ni 1/50, umeongeza moja. Unataka f/2.8 ili mandhari nyuma ilainike, umeongeza tano. Jumla stopu tisa za mwanga wa ziada. Kioo cha ND cha kuzungusha cha stopu 2 hadi 5, ambacho ndicho kinachouzwa sana, hakifiki huko. Nunua cha stopu 6 hadi 9 pamoja na hicho cha 2 hadi 5, vyote vya ukubwa wa lenzi yako kubwa zaidi, kisha utumie ringi za kupunguzia kwa lenzi ndogo. Kioo cha bei ya chini kinaacha alama ya X ya giza katikati ya picha ukikizungusha hadi mwisho na kinaingiza rangi ya manjano. Hapa usibane pesa.

Hatua ya tatu: sauti, hapo ndipo pesa yako iende

Mteja anasamehe picha iliyotikisika. Hasamehi kutosikia baba yake akitoa baraka.

Chukua kwanjula kama mfano, kwa kuwa ukiweza kurekodi sauti yake unaweza kurekodi chochote. Kuna hema mbili zinazotazamana, wasemaji wawili wanaojibizana, kila mmoja na maiki yake ya kushika, DJ aliyekodiwa pamoja na spika zake, na jenereta nyuma ya nyumba. Maneno ya wasemaji ndiyo sherehe yenyewe. Maiki iliyo juu ya kamera itakupa mwangwi wa spika na watoto wanaocheza nyuma yako, basi.

Sauti ya kwanza ichukue kwa DJ. Fika mapema, kabla watu hawajajaa, umsalimie, kisha useme waziwazi: "Kaka, naomba njia moja ya kurekodia kwenye miksa yako, waya ninao." Waya uwe nao kweli: XLR mbili za mita tano, RCA, jeki kubwa na ndogo, na adapta za kuunganisha moja hadi nyingine, kwa maana hujui utakuta miksa gani. Kwenye rekoda yako chagua mapokeo ya laini badala ya maiki, na uzime umeme wa volti 48 unaolisha maiki, vinginevyo unaweza kuharibu njia ya miksa ya mwenzako. Vaa hedifoni. Ukisikia mngurumo mzito usiokwisha, tatizo liko kwenye ardhi ya umeme. Toa rekoda kwenye chaja uiendeshe kwa betri. Usipopona, weka kisanduku cha DI, kinachotenganisha umeme wa vifaa viwili, katikati ya miksa na rekoda, ubonyeze swichi yake ya kukata ardhi.

Rekoda za biti 32, mfano Zoom F3 ya 2022, zina faida kubwa hapa, kwani sauti ikipanda ghafla wakati wa vigelegele haikatwi. Ila zingatia: kama DJ ameshaipasua sauti ndani ya miksa yake, hakuna biti zitakazoirudisha. Kwa sababu hiyo unahitaji sauti ya pili.

Sauti ya pili ni maiki zako zisizo na waya. Seti ya Rode Wireless Go II au DJI Mic ina vitumaji viwili, na vitumaji hivyo hurekodi ndani yake vyenyewe. Washa rekodi hiyo ya ndani kila mara. Mawimbi ya 2.4GHz hupita vibaya mwilini mwa mtu, na ukumbi wa watu mia tano wenye simu mfukoni ni ukuta. Kitumaji kikae kifuani, kisikae mfuko wa nyuma; kipokezi kiwe juu ya kamera mahali kinapoonana na msemaji.

Namna ya kukivalisha inategemea nguo. Bwana aliyevaa koti juu ya kanzu ni rahisi, bana kwenye ukosi wa koti. Bibi aliyevaa gomesi, gauni la kitamaduni, anahitaji uangalifu: hariri inanong'ona kila anapopumua. Funga maiki ndogo kwa utepe wa hospitali ndani ya ukingo wa shingo ya mraba, mbali na vifungo, uhakikishe kitambaa hakisugui kichwa cha maiki. Mwombe ssenga au dada yake afanye hivyo huku wewe ukielekeza kwa mdomo tu. Hiyo ni heshima, na itakufungulia milango mingi siku hiyo.

Sauti ya tatu, ya akiba, ni rekoda ndogo iliyowekwa mbele ya spika moja, kwa umbali wa mita mbili au tatu, ikirekodi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sauti yake haitapendeza, lakini ikibaki peke yake maneno yatasikika.

Kwa mahojiano ya mashirika ongeza maiki ya bunduki kwenye kijiti, ikining'inia juu kidogo ya fremu na kuelekea kifuani. Nyumba za mabati ni adui mvua ikianza. Uliza mapema kama kuna chumba chenye dari au mti mkubwa, na usiache kurekodi sekunde thelathini za ukimya wa mahali penyewe. Utazihitaji kufunika mikato.

Hatua ya nne: umeme usioutegemea ukuta

Panga kila kazi kama vile umeme hautakuwapo. Betri ya Sony NP-FZ100 ina Wh (wati-saa) 16.4, kwa kupiga 4K mfululizo mimi siihesabii zaidi ya saa moja na nusu. Siku ya harusi ya saa kumi, kamera moja inataka betri sita au saba, au betri moja kubwa ya V-mount inayoilisha kamera kwa waya. V-mount ya Wh 99 inaendesha taa ya wati 60 kwa nguvu zote kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Kipimo hicho cha 99 hakikuchaguliwa ovyo: mashirika ya ndege huruhusu betri za lithiamu hadi Wh 100 bila ruhusa maalumu, na kati ya 100 na 160 kwa idhini yao. Zote ziende nawe ndani ya ndege, kwa kuwa kwenye mzigo unaopakiwa chini haziruhusiwi.

Betri za kuiga zinafanya kazi kama akiba, lakini usizitegemee kwenye kamera kuu, kwani kipimo chake cha asilimia hudanganya: kinasoma 40, kisha kamera inazima. Andika namba kwa kalamu ya wino kwenye kila betri. Inayoshindwa mara mbili iache nyumbani.

Jenereta hupandisha na kushusha volti kila spika na friji zinapowashwa. Chaja zako zipitie kifaa cha kudhibiti umeme, na ubebe waya wa kuongezea wa mita kumi wenye plagi ya pini tatu ya Kiingereza. Ukienda Bidibidi au kambi nyingine mbali na gridi, chaja inayochomekwa kwenye gari ina thamani kuliko taa ya tatu.

Hatua ya tano: kadi na diski

Hesabu hii iwe kichwani: Mbps (megabiti kwa sekunde) 100 ni GB 45 kwa saa, Mbps 200 ni GB 90. Sasa unajua ununue kadi ngapi. Alama ya V30 inahakikisha MB 30 kwa sekunde, inayotosha kwa Mbps 200; V60 na V90 ni za kamera zinazorekodi nzito zaidi.

Kadi bandia zimejaa mjini. Hujifanya GB 256 kumbe ndani ni 32, na huanza kuandika juu ya picha za awali bila kukuonya. Kadi yoyote mpya ijaze hadi mwisho kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux, ambazo huandika data na kuisoma tena. Inachukua saa kadhaa. Fanya hivyo siku hiyohiyo, muuzaji akiwa bado anakukumbuka.

Taa, na nyuso zetu

Kamera ikiachwa ijiamulie mwanga mbele ya kanzu nyeupe hamsini, itatia giza kila uso. Pima uso, acha wastani. Ninapotumia alama za kiwango cha mwanga, uso wa ngozi nyeusi nauweka kati ya asilimia 40 na 55, kisha naweka zebra (mistari ya onyo kwenye skrini) kwenye 90 ili nione kanzu au gauni inapokaribia kuungua. Vitabu vingi vinasema uso uwe 70. Kipimo hicho ni cha ngozi nyeupe, nacho huzifanya nyuso zetu zipauke na kupoteza rangi yake halisi.

Ngozi nyeusi huonekana vizuri kwa mng'ao wa taa kubwa kuliko kwa wingi wa mwanga. Kwa hiyo chukua taa moja ya LED ya wati 60 hadi 100, Godox au Amaran, uiwekee softiboksi ya upana wa sentimita 90, uisogeze karibu na uso kwa pembeni, nje tu ya fremu. Utaona umbo la shavu likijitokeza bila kuongeza nguvu. Hema nazo hupaka rangi: paa la buluu hufanya nyuso zionekane za wagonjwa. Weka karatasi nyeupe mahali anapokaa msemaji upime rangi nyeupe papo hapo. Mchana wa jua la utosini, macho yanapozama kwenye vivuli, kirudisha mwanga cheupe kilicholazwa magotini kinatosha. Kwa picha za jioni usichelewe: jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima, na giza halisubiri.

Vya kushikilia kamera, na vya kukodi

Tripodi yenye kichwa cha mafuta ni ununuzi wa mara moja. Ya miguu myepesi ya plastiki ni hasara. Gimbali ya DJI RS, kifaa cha kutuliza kamera unapotembea, ni nzuri kwa kuingia kwa maharusi na kwa matangazo, lakini saa nane za gimbali zinavunja mgongo, na picha inayoelea muda wote inachosha. Kodi kwanza. Kipimo changu ni hiki: kifaa usichokitumia angalau mara mbili kwa mwezi kikodi, na gharama yake iandike kwa mstari wake kwenye bei unayompa mteja, ili aone anacholipia.

Droni ni habari nyingine. Usiiingize nchini wala kuirusha bila kibali. Usafiri wa anga unasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, na vyombo vya usalama navyo vina neno lao. Anayefika Entebbe na droni mkobani bila karatasi ataiacha forodhani. Katika hifadhi za taifa unahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Wanyamapori, na katika kambi za wakimbizi ruhusa ya kupiga picha inapitia Ofisi ya Waziri Mkuu. Mteja akisisitiza picha za juu, mkodi mtu mwenye kibali, umwombe nakala yake.

Njiani

Wengi wetu tunasafiri kwa boda. Begi liwe la mgongoni lenye mkanda wa kifuani, kamera zikiwa zimetenganishwa na lenzi, na kava la mvua likiwa mfuko wa juu. Usimpe dereva begi aliweke mbele kwenye tangi. Vumbi jekundu la barabara za murram huingia kila mahali: usibadilishe lenzi ukiwa nje, na upulize kwa kipulizio cha mpira kabla ya kufuta kwa kitambaa. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, ukungu huota ndani ya lenzi iliyofungiwa begini. Zihifadhi kwenye kisanduku kisichopitisha hewa chenye silika, na ukiona chembe za silika zimebadilika rangi zikaushe kwenye oveni ya moto mdogo.

Usiku wa kuamkia kazi, na usiku wake

Usiku wa kuamkia kazi panga kila kitu mezani. Fomati kadi ndani ya kamera, baada ya kuthibitisha kwamba kazi iliyopita ina nakala. Linganisha saa za kamera zote na rekoda, hadi sekunde. Rekodi dakika moja ukitumia maiki zote, usikilize kwa hedifoni, kisha zima kila kitu na uondoe betri kwenye maiki zinazojiwasha begini.

Kazi ikiisha, kabla ya kula au kulala, nakili kadi kwenye diski mbili tofauti. Usiburute tu faili. Tumia programu inayolinganisha nakala na asili, au angalau hesabu faili na ukubwa wake, kisha ufungue chache za mwanzo, za katikati na za mwisho. Diski moja ibaki nyumbani, ya pili ilale kwingine, kwa ndugu au ofisini, maana mwizi akiingia hachagui. Kadi zenyewe ziweke bahashani, andika jina la kazi na tarehe, na usizifomati hadi mteja apokee video yake na kukwambia imefunguka.